Majani Yaliyopona

Ibra, Jumamosi
12 Muharram 1424 / 15 Machi 2003

Dada yangu mpenzi Wadha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Mkono wako naubusu kwa mbali, kama vile nimekaa mbele yako.

Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na Shemeji Majid na Tahani na kila aliyemo nyumbani kwako. Magoti yako yanasemaje? Amna kanihadithia kuwa daktari kakukataza kupanda ngazi, na wewe ukamjibu kuwa kamba ya nguo iko darini, basi aje yeye aanike. Nilicheka. Kisha nikasikitika kuwa habari zako siku hizi nazipata kwa mke wangu.

Sisi wa Ibra, alhamdulillahi, tunapumua. Amna hajambo, anakuamkia. Fawziya wa Khalifa na binti zake wawili bado wako kwetu, katika kile chumba cha upande wa kibla. Watoto wanakwenda skuli, na yule mdogo ameanza kung'oka meno ya mbele. Kila mgeni aingiaye lazima aoneshwe mapengo. Mimi niko na shamba lile lile la Al Qabil. Mwezi huu ndio wa kupandishia mitende, kutwa tunapanda na kushuka, vumbi la maua ya mtende dume limetujaa puani. Kazi ni nyingi, na nashukuru kuwa ni nyingi. Papa uliyetuletea alifika. Amna kampika kwa nazi ya kopo; sisemi zaidi, asije akaiona barua hii.

Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na hali Sur ni mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Dada, tangu Idi Kubwa nimekuja kwako mara mbili kwa ajili ya maneno haya haya. Mara ya kwanza uliniwekea mkate wa kumimina, ukanitazama, ukaniuliza kama nimekonda kwa ajili ya Khalifa, halafu ukalia. Nikaumaliza mkate nikarudi kwangu. Mara ya pili nilikuwa bado niko garini nje ya mlango wako niliposikia Tahani anacheka ndani, na mimi sijamsikia mtoto yule akicheka mwaka mzima. Nilipoingia nikaambiwa zimekuja salamu za posa kutoka Jalan Bani Bu Hassan, kuwa amekubali, na kuwa nikaha ni mwisho wa mwezi wa nne. Nikasema mabruk kama walivyosema wengine. Na simu nayo, Shemeji Majid hupenda kuifungulia sauti ili nyumba nzima isikie.

Basi nakuandikia. Tena nakuandikia Kiswahili, kwa herufi hizi tulizofundishwa Unguja, makusudi. Watoto wetu wanakisema cha kuombea chai na maji, lakini kukisoma hawakiwezi. Isome wewe peke yako mwanzo. Baadaye ni hiari yako.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie, kwani mambo haya uliyapata vipande vipande na kwa midomo ya watu.

Khalifa ndugu yetu, wewe ndiye uliyemlea. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, na wewe uliakhirisha harusi yako miaka mitatu ili usimwache. Kwa hivyo sina haja ya kukueleza alikuwa mtu wa namna gani. Lakini nafikiri hukujua alivyokuwa baada ya kuanguka. Mwaka wa 1999, mwezi wa nane, alipanda juu ya dari la nyumba ya watu kutengeneza AC, kama alivyopanda maelfu ya mara, ukingo ukamomonyoka akaja chini kwa mgongo. Ulikuja ukakaa naye wiki tatu, ukaondoka akiwa anatembea, ukamshukuru Mungu. Sote tulimshukuru. Ila kutembea kule, dada, kulikuwa kwa ajili yako. Ulipoondoka tu alirudi kitandani. Alikuwa halali. Fawziya akimkuta alfajiri amesimama uani, kashika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtiririka na ilikuwa baridi. Madawa aliyopewa yalimsaidia mwanzo, kisha yakawa kama maji. Kazi ya kupanda madari ikamshinda, duka lake la kutengeneza likafungwa.

Hapo ndipo alipopewa bangi, na mtu ambaye sikumjua wala sitaki kumjua. Aliniambia mwenyewe baadaye kuwa usiku wa kwanza alilala saa sita mfululizo, akaamka akalia kwa aibu na kwa raha, vyote pamoja. Lakini kununua kulimtisha. Kila mara ni mtu mwengine, mahali pengine, na yeye ana watoto wa kike nyumbani. Akaona heri apande mwenyewe kidogo, ndani, asimjue mtu wala mtu asimjue. Akaitumia ile stoo ya nyuma ya nyumba yake.

Yaliyofuata unayajua. Kama siku kumi baada ya Idi Ndogo ya mwaka 2001, Ijumaa asubuhi, watoto wamekaa mezani wanakunywa chai ya maziwa, askari wakaingia. Ilisemwa mahakamani kuwa ni harufu. Miche ile ikishakomaa maua harufu yake haifichiki, na upepo wa siku zile ulikuwa unavuma kuelekea barabarani. Wakakuta ndoo kumi na moja. Wakakuta na feni ya meza, na nyuma ya feni ile, kwa rangi nyeupe, limeandikwa jina la Azzan.

Azzan, aliyefanya kazi na Khalifa miaka sita. Aliyekuwa mchumba wa Tahani wako. Kila chombo chake alikiandika jina kwa sababu mafundi wenziwe wana tabia ya kuazima na kusahau. Walimshika siku kumi na mbili, wakamhoji, wakamwachia, hawakumwona na kosa. Khalifa aliwaambia tangu saa ya kwanza kuwa ni yeye peke yake, hakufundishwa na mtu, hakusaidiwa na mtu. Akahukumiwa miaka kumi.

Serikali ilimwachia Azzan, lakini sisi hatukumwachia. Unakumbuka siku ile kwako, mwezi wa pili mwaka jana, tulipokusanyika. Azzan alikuja na mama yake na ami yake. Dhahabu ya uchumba ilikuwa tayari imefungwa kwenye kitambaa, imewekwa juu ya meza karibu na kahawa, na kahawa haikumiminwa. Ulisema Khalifa hakuwa na akili ya mambo yale, kwamba mtoto uliyemlea hakuwahi hata kuotesha pilipili, lazima kuna aliyemfundisha. Kisha ukanigeukia mimi, kwani ndimi mkubwa wa wanaume wa kwetu, ukaniuliza mbele ya wote: "Nadhir, wewe ulikuwa karibu nao. Ni Azzan, sivyo?"

Nikajibu: "Feni ni yake."

Basi, hilo tu. Lilikuwa neno la kweli, dada, na sijapata kusema uwongo mkubwa kuliko ule. Azzan alinitazama. Akasema, kwa adabu, "Mjomba Nadhir, mimi nilimwazima feni tu." Mama yake akainuka akajifunika uso, ami yake akachukua kile kitambaa. Azzan alitoka na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, na mpaka leo sijui kwa nini hakukivaa cha pili. Nilimwona mlangoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Tahani alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha wanawake. Pazia lilikuwa linatikisika.

Sasa nikueleze khabari za Khalifa, kwa maana umeniuliza katika simu tatu na mara zote nimekujibu kuwa hajambo. Nilikuwa nikenda kumtazama kila mwezi, Jumatatu ya ziyara. Alikuwa akija kwenye kioo anachechemea, anatabasamu, anauliza binti zake, anakuuliza wewe, anauliza hata mitende yangu. Nilikuwa namwambia kila kitu isipokuwa jambo moja. Sikumwambia kuwa Azzan amefukuzwa. Alipouliza harusi ya Tahani ni lini nilimwambia wameiakhirisha kwa heshima yake. Alifurahi. Akasema wasimngojee yeye, waoane.

Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Fawziya peke yake, mimi nilikuwa na homa. Yeye hakujua kuwa kuna la kuficha. Akamwambia kuwa Tahani anakataa wachumba wote, akamweleza na sababu.

Nilipokwenda mwezi wa kwanza, Khalifa alikuja lakini hakukaa. Alisimama, kashika ile simu ya kwenye kioo, na ule mgongo wake unavyomuuma akisimama wewe unajua. Aliniambia: "Mimi nilikuficha kwa polisi, kaka. Nilikuficha kwa ajili ya wanangu, wapate mtu wa kuwalea. Sikukwambia umtoe Azzan mahala pako." Akairudisha simu mahala pake akaondoka. Mwezi wa pili nilikwenda, nikangoja, askari akarudi akasema, "Anasema hana mgeni." Wiki iliyopita vile vile. Askari yule ni kijana mwenye huruma, alikwenda kumwuliza tena bila ya mimi kumwomba. Jawabu likawa lile lile.

Hapo utakuwa umekwisha kuniuliza moyoni: alikuficha kwa kitu gani? Nimekizungukia kama anavyozunguka mtu kisima cha giza. Sasa nakisema.

Ilikuwa siku za mwisho za Shaabani, 2001. Khalifa alinipigia simu shambani akasema, "Bwana Shamba, njoo unitazamie kitu." Mlizoea nyote kuniita hivyo, nami mlikuwa mkinifurahisha kuliko mlivyojua. Nikadhani ni ile milimau yake ya uani. Akanipeleka stoo, akafungua kufuli, akawasha taa.

Dada, kwanza nilidhani ni wazimu. Kuta zote amezibandika ile karatasi ya fedha ya kufungia samaki wa kuoka. Taa nne kubwa zilizotupwa na ukumbi mmoja wa harusi amezitengeneza akazitundika kwa minyororo ya mbwa. Ndoo za rangi amezitoboa chini. Feni ya Azzan kwenye kona inageuza shingo. Mtu asiye na kitu, aliyejenga bustani kwa takataka. Na katikati yake miche imesimama kufika kifuani kwangu, imeanza maua, na majani yake yanakufa.

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikamkumbusha baba, nikamkumbusha na wewe. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaniambia, polepole, kuwa yeye mwenyewe amechoka na hofu. Kila gari likisimama nje moyo unamruka. Amefanya kila alilolijua, kila yakigeuka rangi anaongeza mbolea, na kila akiongeza ndio yanazidi. Akasema: "Mimi nimeapa, kaka. Yakifa haya, nimeacha. Sipandi tena, nitavumilia mgongo wangu. Wewe nitazamie tu uniambie kama yanakufa."

Nikamwambia yanakufa, na yafe, nikafunga mlango kwa kishindo nikenda zangu. Laiti kama ningeishia hapo.

Lakini njia nzima ya kurudi Al Qabil nilikuwa nayaona yale majani. Unanijua. Mtu akinionesha mti unaoumwa mimi silali. Nikajiuliza: ya chini yamekuwa manjano yote sawasawa, hilo si neno, mmea ukiwa na maua huyaachia majani yake ya uzeeni. Lakini ncha zilizoungua kama zimepitishwa motoni, hiyo ni chumvi. Maji ya kisima cha mtaa wake yana chumvi, nayajua, yameiua hata migomba. Na mbolea ya chumvichumvi juu yake! Na yale ya juu kabisa, yaliyojikunja kama viganja vinavyoomba, hayo ni joto la taa. Nikayapanga kichwani yote matatu, na kila moja na dawa yake. Nikafurahi, dada. Astaghfirullah, nilifurahi kama mwanafunzi aliyejua jawabu kabla ya wenziwe.

Nikarudi kesho yake. Hakuniita. Nilikwenda mwenyewe, na kioo changu cha kukuzia mfukoni. Nikapandisha taa zake juu kwa mikono yangu. Nikamwambia aache mbolea kabisa. Kisha nikamwuliza yale maji yanayotoka kwenye AC yanakwenda wapi. Akaniambia yanamwagika uani. Nikamwambia, mjinga wewe, fundi wa AC unatafuta maji matamu na yanakudondokea mlangoni, yale hayana chumvi hata chembe. Nikaweka ndoo chini ya ule mpira wa AC. Nikamwonesha namna ya kuosha udongo kwa maji yale, mengi, yapite mpaka yatoke chini, aache ukauke, kisha arudie.

Yeye alikuwa amekaa juu ya kigoda, ananitazama. Hakusema ahsante. Nilidhani mgongo unamuuma.

Ramadhani ikaingia. Nilipita kwake siku ya kumi na mbili ya mfungo, nimefunga, nakwenda kutazama bangi. Nikawasha taa. Majani mapya yalikuwa ya kijani safi, yamenyooka, hayana doa. Mimi nimetibu mitende ya watu miaka ishirini, sikumbuki kuona tiba iliyokubali namna ile. Nikapiga kelele kumwita. Akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni, akatazama muda mrefu. Akasema, "Basi yamepona."

Kwa sauti ile ile, dada, ambayo mtu husema "basi amekufa".

Sikuisikia siku ile. Nilikuwa nayasikia majani yangu. Nimekuja kuisikia baada ya hukumu, usiku na mchana, kwenye mtende na kwenye sala. Kwani hakuniita niyaponye. Aliniita mimi, kaka yake, Bwana Shamba wa ukoo, nimwambie kuwa yamekwisha, ili apate kuacha na asione kuwa ameacha kwa woga. Alitaka ruhusa. Yangekufa kabla ya mwezi kuandama, stoo ile ingefagiliwa, na asubuhi ya Ijumaa ile askari wangepita barabarani wasisikie harufu ya kitu ila chai ya watoto. Nilikuwa na nafasi ya kumwokoa ndugu yangu kwa kukaa kitako nisifanye lolote, nikashindwa kukaa.

Na ulipouliza kwako nani aliyemfundisha, jawabu lilikuwa limekaa kulia kwako, linataja feni.

Nilijidanganya kwa sababu nyingi. Nilisema watoto wa Khalifa watakula nini tukifungwa sote wawili, na hili lina ukweli, na ndilo Khalifa alilolitaka. Lakini kwako, ndani ya nyumba yako, hapakuwa na hakimu. Ningeweza kusema "si Azzan" nikanyamaza hapo hapo. Maneno mawili. Sikuyasema kwa sababu nilikhofu utaniuliza basi ni nani.

Jumapili nilimwambia Amna, na yeye akasema lazima Fawziya asikie kutoka kwangu mwenyewe. Nikamwambia jikoni, anachambua mchele. Sikumficha kitu. Kisha akaniuliza suala moja tu: "Alikuwa anataka kuacha?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuchambua mchele, na mchele ulikuwa umekwisha kuchambuka zamani. Tangu siku hiyo ananiamkia, ananipakulia chakula, lakini ikiwa niko sebuleni na yeye anataka kupita, huzungukia nje.

Jumatano nikenda mji wa Adam kwa Azzan. Hukujua kuwa yuko Adam; huku Ibra hakupata kazi tena, watu walikuwa hawamfungulii milango. Anafanya kazi ghala la tende, anatengeneza mashine za baridi. Amekuwa mnene kidogo na mvi zimemtoka, na ana miaka thelathini. Alinikaribisha kahawa. Mimi! Nikamweleza yote tumekaa juu ya makasha. Nilitaraji anipige. Ningemshukuru.

Akaniuliza kama Khalifa analala siku hizi. Nikamwambia sijui. Akasema: "Mimi nilijua kuwa siye mimi, mjomba, basi nilikuwa na kitu cha kushika. Mama yangu hakuwa na kitu." Akanihadithia kuwa mama yake haalikwi harusini mwaka huu wa pili, na kuwa msibani wanawake humwachia nafasi pande zote mbili anapokaa. Nikamwambia nitakwenda kwako, nitasema, pengine lile la Tahani linaweza kurudi. Akatikisa kichwa. Akasema: "Sitaki posa tena. Pazia lile lilikuwa linatikisika, hakutoka mtu. Nataka mama yangu apate kukaa katikati ya watu." Akaniomba hilo tu, na akanisindikiza mpaka kwenye gari.

Dada, sikukuandikia ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu mwisho wa mwezi wa nne uko karibu, na mtoto wako anataka kuolewa huku anaamini kuwa mtu aliyempenda alimfungisha mjomba wake. Akitaka kwenda Jalan na aende, kijana yule nasikia ni mtu mwema. Lakini aende akiujua ukweli. Na wewe, ukiweza, ikiwa kuna maneno uliyamwaga Ibra na Sur juu ya mama yake Azzan, yakusanye. Mimi nitayakusanya yangu. Ijumaa baada ya sala nitasimama na wazee wa mtaa wake niseme kuwa Azzan hakuhusika, nami najua kwa yakini. Wakiniuliza nimejuaje, sitaangalia pembeni. Na likinifikisha kwa askari na linifikishe. Amna ameridhia, na kaka yake amesema binti za Khalifa watakula anapokula yeye.

Khalifa nimemwandikia pia, mistari mitatu. Sikumwomba aje kwenye kioo. Nimemwambia tu kuwa nimesema.

Alkhamisi nitakuja Sur. Sitagonga. Nitaegesha chini ya ukuta wa jirani nikae garini mpaka adhuhuri. Ukimtuma mtu aniambie nirudi, nitarudi bila ya kinyongo, nawe utabaki kuwa mama yangu wa pili kama ulivyokuwa. Ukiniita ndani, nitayasema haya yote kwa mdomo wangu mbele ya Shemeji Majid na mbele ya Tahani, nikiwa nimesimama, na asiwepo wa kuniletea chai.

Nisalimie shemeji. Nisalimie jirani yako wa upande wa bahari aliyekuwa akituletea visheti. Tahani usimpe salamu zangu kabla hajaijua barua hii. Akishaijua, kama atazitaka, mpe. Amna anakubusu, na watoto wa Khalifa wote wawili wanakwambia shikamoo bibi, ingawa mkubwa kaitamka kwa lafdhi ya Kiarabu na mdogo kaicheka.

Mungu akupe afya ya magoti na afya ya moyo, na akupe nguvu ya kuisoma barua hii mpaka hapa.

Nduguyo uliyemlea, akakuficha,

Nadhir